Je, Wajua? Sukari na Kitanda cha Wagonjwa Mahututi

Habari ikipita mitaa ya Kiseke, Mwanza, kwamba mzee fulani amekimbizwa hospitali ya Bugando usiku, kalazwa ICU, tena ana sukari, majirani huanza kusemea chini kama watu waliokwisha kuisikia hukumu. Sifa hiyo mbaya kisukari kimejichumia chenyewe, kwa miguu iliyokatwa na macho yaliyozimika. Lakini ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi hesabu zake hazifuati maneno ya mtaani, na baadhi yake zimewashangaza hata madaktari.

Je, wajua kwamba kisukari peke yake hakitabiri kifo cha mgonjwa mahututi?

Mwaka 2011 watafiti wa Amsterdam walikusanya tafiti 141 zilizohusu watu zaidi ya milioni 12, wakauliza swali moja: aliye ICU mwenye kisukari hufa zaidi ya mwenzake asiye nacho? Kwa makundi karibu yote jibu lilikuwa hapana. Kundi lililoonekana wazi kuwa na hatari zaidi ni la waliotoka kupasuliwa moyo.

Hii si ruhusa ya kuongeza vijiko kwenye chai. Mwenye kisukari hufika ICU kwa urahisi kuliko wengine, maana figo, moyo, mishipa ya damu na vidonda vyote vinaweza kumsukuma huko. Ila akishalazwa, jina la ugonjwa wake halitoshi kusema ataondokaje. Yapo mambo matatu yanayosema zaidi: sukari yake imefika ngapi, imeshuka kiasi gani, na kabla ya siku hiyo alikuwa anajua kwamba ana kisukari?

Tena tafiti nyingi kati ya hizo 141 zilitoka nchi tajiri, zenye vitanda na wauguzi wa kutosha. Kwetu picha ina doa. Wakati wa Korona, madaktari wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, waliwafuatilia watu wazima waliolazwa wakiwa mahututi. Ndani ya siku 30 walifariki 48.2%, na kisukari kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza uwezekano wa kufa, pamoja na ugonjwa wa figo, ugonjwa wa ini na UKIMWI. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet.

Je, wajua kwamba asiye na kisukari anaweza kuumizwa na sukari kuliko mwenye nacho?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka hospitali moja ya Atlanta, Marekani, uliwagawa waliolazwa mafungu matatu. Wenye sukari ya kawaida walifariki 1.7%. Wenye kisukari kinachojulikana walifariki 3%. Wale ambao sukari yao ilikutwa juu kwa mara ya kwanza hospitalini, bila historia yoyote ya ugonjwa huo, walifariki 16%. Methali ya mficha maradhi haiwagusi watu hawa, kwa kuwa hawakuficha kitu. Hawakujua.

Sababu ziko zaidi ya moja. Mwili unaopigania uhai, awe mtu amegongwa na bodaboda au ameingiwa na vijidudu kwenye damu, humwaga adrenalini, kortisoli na glukagoni. Homoni hizo huliamuru ini litoe akiba yake ya sukari, na wakati huohuo huizuia insulini kufanya kazi yake. Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa, aliliona hilo tangu karne ya 19: kutokwa damu nyingi huipandisha sukari. Kwa hiyo sukari iliyopaa kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo mara nyingine ni kipimo cha ukali wa kinachomsumbua. Sababu ya pili ni kwamba wasiojulikana kuwa na kisukari walipewa insulini kwa nadra kuliko wanaojulikana.

Ya tatu inapendeza zaidi. Wenyeji wa vilima vya mawe vya Mwanza hupanda na ndoo ya maji kichwani huku wakipiga soga, na mgeni anayewafuata mikono mitupu hupumzika mara tatu njiani. Chembe za mwili nazo huzoea. Aliyeishi miaka kumi na sukari ya 12 au 13 (milimoli kwa lita ya damu) ana chembe zilizokwisha kupunguza milango ya kuipokea. Ambaye maisha yake yote alikuwa na 5 hana kinga hiyo, na sukari inapofika 13 ghafla huzamia kwenye neva, ini na chembe za kinga bila kuhitaji ruhusa ya insulini. Mwaka 2013 wagonjwa 44,964 kutoka ICU 23 za nchi mbalimbali walichambuliwa, na uhusiano wa sukari ya juu na kifo ulikuwa mkali zaidi kwa wasio na kisukari.

Je, wajua kwamba dunia ilibishana zaidi ya miaka ishirini kuhusu namba moja?

Mbishi wa kwanza alikuwa mwanamke wa Ubelgiji, Greet Van den Berghe, daktari wa ICU katika chuo kikuu cha Leuven. Mwaka 2001 alichapisha matokeo ya wagonjwa 1,548, wengi wao wakiwa wametoka chumba cha upasuaji. Nusu waliachwa kama ilivyokuwa desturi: insulini ilianzishwa pale tu sukari ilipopita 12. Nusu ya pili walibanwa kwa dripu ya insulini hadi sukari ikae kati ya 4.4 na 6.1, kama ya mtu mzima mwenye afya. Vifo ndani ya ICU vilishuka kutoka 8.0% hadi 4.6%. Ni dawa chache mno katika fani hiyo zilizowahi kuleta matokeo kama hayo, na hii ilikuwa ya bei nafuu, inayopatikana kila mahali. Hospitali za Ulaya na Marekani ziliandika upya miongozo yao haraka haraka.

Kisha ukaja mwaka 2009. Australia, New Zealand na Canada zilikuwa zimewachukua wagonjwa zaidi ya 6,000 wa kila aina, si wa upasuaji pekee, na kulirudia jaribio. Safari hii waliobanwa sana walifariki 27.5%, na walioruhusiwa kufika hadi 10 walifariki 24.9%. Mambo yalikuwa yamepinduka. Sukari kushuka kupita kiasi, chini ya 2.2, kuliwapata 6.8% ya waliobanwa, na kwa wenzao ilikuwa 0.5% tu. Kuibana sukari kwa nguvu kulionekana kuua.

Nani alikosea? Kwa maoni yangu hakuna, na hapo ndipo utamu wa kisa hiki. Wagonjwa wa Leuven walikuwa wakilishwa mapema kwa njia ya mshipa, maji yenye sukari nyingi, kwa hiyo insulini ilikuwa inausafisha mzigo ambao hospitali yenyewe ilikuwa inaumwaga ndani. Van den Berghe alilirudia swali lake mwenyewe. Mwaka 2023 kundi lake lilitoa jaribio la wagonjwa 9,230 ambao hawakulishwa mapema kwa mshipa, na safari hii kubana au kutobana hakukubadili muda waliohitaji kukaa ICU wala idadi ya vifo. Leo hospitali nyingi hulenga kati ya 7.8 na 10, basi.

Na hata hiyo 10 haijawatosha wote. Kwa wenye kisukari cha ukubwani waliozoea sukari ya juu, madaktari wa Australia na New Zealand walijaribu kuiacha ielee kati ya 10 na 14. Matokeo yalitoka mwaka 2022: walioshuka kupita kiasi walikuwa 5%, dhidi ya 18% kwa waliowekwa kati ya 6 na 10. Hata hivyo vifo havikupungua, vilikuwa 29.5% dhidi ya 24.9%, tofauti ambayo kwa wagonjwa 434 huenda ilikuwa bahati tu. Mjadala haujafungwa.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda?

Kwa saa chache zijazo, ndiyo. Ubongo hauna ghala la sukari. Mtu mwenye 20 anaweza kuzungumza na wewe akilalamika kiu, mwenye 1.5 huanguka, hupata degedege, au hulala usingizi ambao ndugu wataudhani ni uchovu. Aliye kwenye mashine ya kupumulia na dawa za usingizi hawezi hata kutoa jasho likaonekana kwa maana yake. Ndiyo maana dripu ya insulini bila muuguzi wa kupima kila saa au mbili ni bora isianzishwe.

Kidonge cha kushusha sukari, glibenklamidi, kinastahili sentensi zake. Ni cha zamani, ni rahisi, na ndicho ambacho wazee wengi huku Kanda ya Ziwa wamekitumia kwa miaka. Mzee akikimeza asubuhi, asile, na figo zake zikiwa zimechoka, sukari itashuka. Atawekewa glukosi, ataamka, atasalimia watu, ndugu watapiga simu nyumbani kushukuru. Saa sita baadaye atazima tena, kwa kuwa dawa bado imo mwilini. Mgonjwa wa namna hii huangaliwa siku nzima au zaidi, hata akidai amepona na anataka kurudi Kiseke.

Jambo jingine la kwetu ni malaria. Malaria kali hula sukari ya damu, hasa kwa watoto na wajawazito, na kwinini iliongeza tatizo kwa kuichochea kongosho itoe insulini. Mwaka 2010 jaribio la watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa Muheza mkoani Tanga, lilionyesha vifo 8.5% kwa waliopewa artesuneti na 10.9% kwa waliopewa kwinini. Artesuneti haikupunguza vifo tu, ilipunguza pia kushuka kwa sukari baada ya matibabu. Mtu aliyezimia pembezoni mwa Ziwa Victoria anaweza kuwa na malaria, kiharusi, sukari ya juu au sukari ya chini. Tone moja la damu hutenganisha mawili kati ya hayo kabla hata ya kufungua faili.

Tone lenyewe linaweza kudanganya

Glukomita ndogo ile ya kuchoma kidole ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Mgonjwa aliye kwenye mshtuko, shinikizo limeshuka na vidole vimepoa, damu haifiki vizuri kwenye ncha, na jibu la kidole laweza kuachana na la mshipani. Upungufu wa damu huidanganya mashine kwa upande wa juu: damu ikiwa nyepesi, husoma sukari kubwa kuliko iliyopo. Kwenye mkoa wenye malaria na kichocho, ambako damu pungufu si jambo geni, mashine inaweza kuandika 5 wakati mgonjwa ana 3. Kwa mahututi, damu ya mshipani au ya ateri ndiyo ya kuaminiwa.

Je, wajua kwamba Mwanza ni jina linalotajwa duniani kuhusu kisukari na kifua kikuu?

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, na wenzao wa Denmark waliwapima wagonjwa wa kifua kikuu jijini hapa. Matokeo ya mwaka 2011: 16.7% ya wagonjwa wa TB walikuwa na kisukari, na kwa majirani zao wasio na TB ilikuwa 9.4%. Taarifa iliyofuata, ya mwaka 2013, ilikuwa nzito zaidi. Kwa wagonjwa wasio na VVU, mwenye TB na kisukari kwa pamoja alikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 100 za mwanzo za matibabu takribani mara tano ya mwenye TB pekee. Kwa wenye VVU ilikuwa mara mbili na zaidi.

Hapo ndipo njia ya kuelekea ICU inapoanzia kwa wengi: kikohozi kilichopuuzwa, au kidonda. Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima na inayohudumia Kanda ya Ziwa nzima, ilichapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa 136 wa vidonda vya mguu vya kisukari. Wengi walifika kidonda kikiwa kimeshaingia ndani, kukata kiungo ndiko kulikokuwa upasuaji wa kawaida zaidi, na zaidi ya mmoja kati ya kumi walifariki. Mguu hauui wenyewe. Kinachoua ni vijidudu vyake kuingia kwenye damu.

Tena ugonjwa wenyewe umekuja mbio. Dokta Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipopima watu wazima wa vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na kuandika mwaka 1989, waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja kati ya mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipata 9.1% kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za upimaji hazikuwa zilezile, lakini hata ukiizingatia tofauti hiyo, ongezeko limebaki.

Pumzi inayonuka kama matunda

Mwaka 1874 Adolf Kussmaul, daktari wa Ujerumani, alieleza upumuaji wa ajabu wa wenye kisukari waliokaribia kufa: pumzi ndefu, nzito, za haraka, kana kwamba hewa haitoshi, ingawa mapafu ni mazima. Ni mwili unajaribu kupumua nje tindikali inayotokana na ketoni, na harufu yake hufanana na matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huku kwetu si ajabu mgonjwa huyo kutibiwa homa ya mapafu kwanza.

Wengi hudhani tiba ya kwanza ya hali hii ni insulini. Ni maji: mgonjwa huwa amepoteza lita kadhaa kupitia mkojo. Halafu potasiamu huangaliwa, kwa kuwa insulini huisukuma iingie ndani ya chembe, na ikipungua sana kwenye damu moyo hupoteza mapigo. Ndipo insulini hufuata. Mtu wa kwanza kuipata, mvulana wa Toronto aitwaye Leonard Thompson, alikuwa na miaka 14 alipochomwa tarehe 11 Januari 1922. Dawa haikuwa safi, ikashindwa. Iliyosafishwa, siku 12 baadaye, ilimwinua. Alifariki mwaka 1935 akiwa na miaka 26, kwa homa ya mapafu.

Je, wajua kwamba wagonjwa mahututi wengi hawako ICU?

ICU zenyewe ni changa. Zilizaliwa Copenhagen baada ya mlipuko wa polio wa mwaka 1952, pale Bjørn Ibsen alipowapanga wanafunzi wa udaktari wakae zamu usiku na mchana, wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono ili wagonjwa wapumue. Kwa Tanzania, ICU za hospitali nne kubwa za rufaa, Bugando ikiwa mojawapo, zilichunguzwa kwa miaka ya 2009 na 2010. Kati ya wagonjwa 5,627 walifariki 41.4%.

Lakini utafiti uliotoka mwaka 2025, uliopita hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kuwaangalia wagonjwa karibu 20,000, ulikuta kwamba mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na 69% ya mahututi hao walikuwa wodi za kawaida. Ndani ya wiki moja mmoja kati ya watano alikuwa amefariki. Zaidi ya nusu hawakuwa wakipata huduma ya msingi waliyoihitaji, nayo ni vitu kama oksijeni, maji ya mshipa au kumlaza mtu namna ambayo ulimi hauzibi njia ya hewa.

Kwa mwenye kisukari, wodi ya kawaida ina hatari yake isiyoandikwa sana. Chakula cha mgonjwa kwetu huletwa na ndugu. Insulini ikichomwa saa kumi na mbili, na dada aliyebeba hotpoti ya uji kutoka Kiseke amekwama foleni, sukari haitamsubiri. Ndugu anayemwambia muuguzi "Sista, bado hajala" kabla ya sindano anasaidia kuliko anayeomba dua tu mlangoni, na wala dua haimkatazi kusema. Vilevile anayekuja na mfuko wa dawa zote za nyumbani, za kienyeji zikiwemo, humwokolea daktari saa nzima ya kubahatisha.

Baada ya kuruhusiwa

Insulini ya nyumbani bila friji? Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi Dagahaley, kwenye kambi za Dadaab nchini Kenya, ambako linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kichupa kilichokwisha kufunguliwa kilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Mtungi wa udongo wenye maji ni rafiki mzuri. Dashibodi ya daladala juani si rafiki.

Na yule ambaye sukari yake ilipaa kwa mara ya kwanza akiwa ICU asiachwe hivihivi, maana baadhi yao walikuwa na kisukari muda wote. Kipimo kinachopendwa ni kile cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Hapa Kanda ya Ziwa kina mtego. Watoto wachanga 17,200 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania walipopimwa kwa ajili ya selimundu, 20.3% walikutwa wamebeba kinasaba kimoja, yaani mmoja kati ya watano, wazima kabisa na wengi wasiojua. Kinasaba hicho kinaweza kukifanya kipimo cha miezi mitatu kisome chini ya hali halisi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula haiguswi na kinasaba hicho: 7.0 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine na kutoka vilevile, ni kisukari.